Jinsi ya kuchemsha maziwa ya ngamia ili kuangamiza kirusi cha MERS

Karibuni, watazamaji. Katika sufuria hii kuna lita mbili za maziwa mabichi ya ngamia. Kirusi cha MERS, ugonjwa mkali wa njia ya hewa, ni jamaa wa kile cha UVIKO-19; kiligunduliwa mwaka 2012 kwa mgonjwa wa Saudi Arabia, na ngamia hukibeba, wakiwemo wa kaskazini mwa Kenya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri maziwa yao yasinywewe mabichi.

Kabla ya kuwasha moto, tazameni mchoro huu wa kirusi. Ndani kabisa mna uzi wa vinasaba, nje yake kuna utando wa mafuta, na juu ya utando zimechomoza protini zinazofanana na miiba ya taji. Kirusi hutumia miiba hiyo kushika seli zetu, na miiba ikiharibika hakiwezi kuingia. Protini ikipata joto hupoteza umbo lake, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni, na ukipoa haurudi ulivyokuwa.

Sasa washeni moto wa wastani, mkikoroga hadi chini ili joto lienee sawasawa. Wenye kipimajoto wafikishe nyuzi 63 za Selsiasi na kuzishikilia kwa dakika 30 kamili. Katika majaribio ya maabara, kirusi hai hakikupatikana tena baada ya hapo. Msiridhike na uvuguvugu, kwa sababu protini nyingi za maziwa zinazokizunguka kirusi zinaweza kukikinga na joto dogo. Asiye na kipimajoto asikisie kwa kidole: aache maziwa yachemke hadi yapande na kutaka kufurika, apunguze moto, kisha ayaache yatokote kidogo.

Wengi huniuliza kama jokofu linatosha. Halitoshi, kwani baridi huhifadhi umbo la kirusi badala ya kulivunja, na maabara imekikuta kingali hai katika maziwa ya nyuzi 4 hata baada ya siku mbili.

Mwisho, msiyarudishe maziwa yaliyochemka katika kibuyu au dumu lililobeba mabichi kabla ya kulisugua. Tumieni sabuni na maji ya moto, kwa kuwa sabuni huyeyusha ule utando wa mafuta, na mikono iliyokamua ioshwe vivyo hivyo kabla ya kushika kikombe.