Mama, Weka Mkasi Chini

Hamjambo, na asanteni kwa kuja na jua hili la Mombasa. Nitazungumza nikiwa ubavuni mwa kitanda cha kufumia, mnione mikono.

Mama mmoja wa Mji wa Kale, fundi wa ukili hasa, alitanda mtande wake wa kwanza kwangu, yaani zile nyuzi za urefu, 240 za pamba. Akafuma shubiri mbili, akaona mstari wa uwazi unaendelea naye tu. Akachukua mkasi. Nikamwambia, "Mama, weka mkasi chini."

Kosa la mtande lina kwao. Ufuate uzi kwa kidole, kutoka kwenye kitambaa kurudi nyuma. Uwazi kama ule maana yake nafasi moja ya kitana, kile chanuo kinachotenganisha nyuzi, imerukwa. Hapo hakuna ujanja: fungua mafundo ya mbele, hamisha nyuzi zote kuanzia pale hadi ukingo ulio karibu. Ulio karibu, jamani! Mimi nilishahamisha upande mrefu kwa uvivu wa kuhesabu.

Nyuzi mbili jirani zikipanda na kushuka pamoja, mara nyingi kosa liko kwenye vitanzi, vile vyenye jicho la kupitishia uzi, vinavyoning'inia kwenye fremu za kupandisha na kushusha nyuzi: uzi mmoja umeingia fremu isiyo yake. Tazameni, natengeneza kitanzi kipya. Nachukua uzi imara, naukunja mara mbili, nauzungusha ufito wa chini wa fremu inayotakiwa. Fundo la kwanza, usawa wa chini wa jicho la kitanzi jirani. La pili, usawa wa juu. Uzi wa mtande unapita katikati, kisha ncha nazifunga ufito wa juu. Jicho likikaa juu au chini kuliko jirani zake, uzi hautalingana na wenzake na mshindio, uzi unaopita kwa upana, utaukosa. Kwa hivyo msilikaze fundo la pili kabla ya kupima.

Uzi mmoja ukilegea, utundikie rundo la funguo kwa nyuma. Zikilegea nyingi, lawama ni ya gogo la nyuma, la kuviringishia mtande: umeviringisha bila karatasi ngumu kati ya tabaka, za juu zikazama katika za chini. Rudisha, viringisha upya.

Ila mpishano wa nyuzi unaoshika mfuatano wake, pale kwenye vigingi vya kutandia, ufungeni kamba kabla ya kutoa mtande. Ukipotea huo, hata mimi nitakupa pole tu.

Haya, wa nyuma sogeeni. Uzi huu naukata makusudi. Nani ataushika?