Kapita wa seli: mhadhara uliotolewa Bukavu

Baba na mama, wanafunzi, karibuni. Umeme ukikatika tutaendelea tu, sauti ninayo.

Wengi wenu jioni mtakula bugali na sambaza. Protini ya sambaza itavunjwa tumboni kuwa asidi za amino, mojawapo leusini. Leusini ikiingia kwenye seli, habari zinamfikia kapita, yaani msimamizi wa kazi: protini iitwayo mTOR, inayokaa juu ya kifuko kidogo, lisosomu. Akisikia chakula kipo na insulini imepanda, anaamuru: jengeni! Seli inatengeneza protini na mafuta, inakua. Chakula kikiadimika ananyamaza, na seli inaanza kufagia: inameng'enya vipande vyake vilivyochakaa na kuvitumia upya. Usafi huo unaitwa otofajia. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuuchunguza.

Sasa, kapita asiyenyamaza je? Uchafu unarundikana, na hapo uzee unaingia kwenye habari yetu. Kuna dawa inayomziba mdomo, rapamaisini. Ilitokana na bakteria wa udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, uliochukuliwa na msafara wa Wakanada mwaka 1964. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba waliwapa panya wa siku 600, wazee tayari. Ukitazama umri ambapo tisa kati ya kumi wameshakufa, umri huo ulipanda kwa asilimia 14 kwa majike, 9 kwa madume. Kuanza uzeeni na bado ikasaidia! Mimi hilo ndilo lililonishtua.

Lakini msitoke hapa mkihubiri njaa. Panya wale walikuwa wanashiba kila siku. Mtoto mwenye bwaki, ule utapiamlo mkali, huko Kalehe, asidi za amino katika damu yake ni chache. Kapita wake amenyamaza kabla ya wakati, na mtoto hakui. Yeye anahitaji maharagi, mayai na sambaza, tena leo. Kumwambia mama anayekula mara moja kwa siku kwamba kufunga kunarefusha maisha, naona ni matusi.

Mama pale mbele anauliza kama vidonge vinauzwa. Vipo, mama, ila hospitali huvitoa kwa waliopandikizwa figo, ili mwili usiikatae. Vinashusha kinga. Hapa kwetu, penye malaria na kifua kikuu, mimi sivimezi.

Baba wa nyuma, uliinua mkono?