Uwekevu Wako Unalipiwa na Nani?

Mwenyekiti, ahsante. Ndugu zangu, wale walionisikia kwingine wanajua ninakoelekea, na wengine nimeshaona wanatazamana wakicheka. Chekeni tu. Nitaacha kulisema jambo hili siku watu watakapoacha kulifanya.

Sitapoteza muda kuwaeleza kwamba akiba ni jambo zuri. Haba na haba mmeimbishwa tangu utotoni, na anayedhani nimekuja kutetea ufujaji amekosea ukumbi. Mimi bomba likivuja silali. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, ndoo nzima ya lita 20 hivi inakwenda na maji bila mtu kunawa hata uso. Funga bomba. Zima taa ya chumba kisicho na mtu. Shona suruali iliyochanika, ivae tena, na anayekucheka mwache acheke. Mpaka hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi wangu ni na yule mwenye mkono wa birika anayetaka tumwite mwekevu. Nina swali moja tu la kumpima, nalo nimelirudia mpaka watoto wangu wanalimalizia kabla sijafika mwisho: unapobana matumizi, anayebanwa ni nani? Ukibanwa wewe, huo ni uwekevu wako na Mungu akuzidishie. Akibanwa mwingine ili mfuko wako usiguswe, hapo tutafute jina jingine.

Nikupeni kisa cha simu. Najua nimekisimulia sana, vumilieni. Jamaa mmoja, jina namsitiri maana bado tunasalimiana, alitembelewa jioni na binamu yake. Simu ya mgeni ilikuwa imebakiza chaji kidogo kabisa, akaomba pa kuchomeka. Mwenye nyumba hakusema hapana. Bahili stadi hasemi hapana. Alisema, "Soketi hiyo ina matatizo." Mgeni akaiangalia ya pili. "Hiyo ni ya friji." Friji yenyewe ilikuwa chumba kingine kabisa! Mwishowe, kwa kuona aibu, akamruhusu. Mgeni akaenda msalani. Aliporudi alikuta chaja imechomolewa, waya umekunjwa vizuri, umewekwa mezani juu ya simu, tayari kwa safari. Binamu akaelewa, akaaga. Kufika njiani simu ikazima, hakuweza kumpigia mtu wa kuja kumpokea, akatembea usiku peke yake mpaka kwake. Mtaniuliza nimejuaje yote haya. Nimesimuliwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na mwenye nyumba ndiye aliyesimulia kwa fahari!

Sasa tupige hesabu, maana watu hawa hujisifu kwa hesabu. Simu nyingi za leo zina betri ya miliampea-saa 5,000 hivi. Kuijaza kutoka sifuri, pamoja na umeme unaopotelea kwenye joto la chaja, huchukua wati-saa kama 25. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Gawanya mwenyewe. Uniti moja inaijaza simu hiyo mara 40. Yaani binamu angekuja kila jioni na simu iliyokufa kabisa, siku 40 mfululizo, ndipo uniti moja ingekwisha. Na bwana huyo huyo ana hita ya kuogea ya wati 5,000. Hita hiyo inaimaliza uniti hiyo hiyo kwa dakika 12. Tena huwa anaimba akioga, na nyimbo zake si fupi.

Kuna mtu hapa anajiandaa kuniambia, "Mzee, hilo si suala la pesa, ni nidhamu." Nimelisikia sana. Haya, nidhamu ianzie bafuni. Mwingine atasema, ukimruhusu mmoja leo, kesho watakuja kumi. Kumi! Wamekuja lini hao kumi? Na hata wakija, wote na simu zao tupu, hiyo ni robo ya uniti. Bwana yule angepunguza wimbo mmoja mzima, akawalipia wote na chenji ikabaki.

Na kuna wa tatu, huyu namheshimu kidogo, anayesema: "Wewe hujui ndugu zangu." Kweli siwajui. Lakini wa aina yao nawajua. Yupo anayekopa asilipe, anayeazima asirudishe, anayekuja na njaa yake na ya marafiki zake. Huyo mnyime. Mnyime mchana kweupe, mwambie hapana, sitakukopesha kwa sababu la mwanzo hujalilipa. Hapana ya namna hiyo si ubahili hata kidogo, na mtu anayeisema hahitaji kusingizia friji. Vilevile asiye nacho tusimwite bahili. Mtu anayehesabu senti kwa sababu ndizo alizonazo, akishindwa kutoa hajamnyima mtu. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu nimesikia watu wenye uwezo wakiwasimanga maskini kwa uchoyo, na haya hawaoni.

Ninachokisema ni kunyima kitu ambacho kukitoa hakukupunguzii. Waislamu mliopo mnajua aya ya mwisho ya sura ya 107, inayowalaumu wanaozuia msaada. Wafasiri, tangu zama za masahaba, wameutaja msaada huo kwa vitu vidogo kabisa vya nyumbani: shoka, chungu, ndoo. Vitu vya kuazimwa vikarudi. Mnaona ilipowekwa lawama? Hapakuguswa hazina ya mtu wala shamba lake. Ni ndoo, ambayo jioni itarudi pale pale ilipokuwa. Soketi ya ukutani naiweka kwenye kundi hilo hilo, na kama kuna mwalimu wa dini humu anaona nimezidisha, anisahihishe baadaye, lakini si mbele ya yule bwana.

Haya, niharakishe kidogo. Mwenye nyumba ya kupangisha. Anakwenda dukani, anaona balbu mbili. Moja ni ile ya kizamani, ya waya, wati 60, inaishi saa kama 1,000. Nyingine ni ya LED, wati 9, mwanga karibu sawa, inaishi saa 15,000 na zaidi. Atanunua ipi? Ya kizamani, kwa sababu ni rahisi. Twende tena kwenye hesabu. Kwa saa 15,000 hizo, ya kizamani itakula uniti 900, na utaibadilisha mara kadhaa wa kadhaa. Ya pili itakula uniti 135. Tofauti ni uniti 765! Mtu mzima mwenye akili zake anawezaje kukosea hesabu hii? Hajakosea. Bili ya umeme analipa mpangaji. Kwake yeye kaokoa kweli, na akikutana na mimi ananiambia kwamba yeye ni mtu wa kubana matumizi. Muulize swali langu uone atakavyobadilisha mazungumzo.

Swali hilo, kwa haki, huwa linawaokoa watu pia. Mmarekani mmoja, Hetty Green, alifariki mwaka 1916 akiwa na mali inayokadiriwa kufika dola milioni 100, na mpaka leo anatajwa kama bahili mkubwa, hasa kwa sababu ya gauni lake jeusi alilolivaa mpaka likachakaa. Mimi gauni silioni kuwa hoja. Alilivaa nani? Si yeye? Mwaka 1907, mabenki yalipotikisika, mama huyo aliukopesha mji wa New York pesa nyingi. Lakini kuna kisa cha mwanawe aliyekatwa mguu, kwamba mama alizunguka kutafuta matibabu ya bure badala ya kulipa daktari. Wapo walioandika maisha yake wanaokikataa kisa hicho, na mimi siko hapa kumhukumu marehemu. Nasema tu kwamba vitu hivyo viwili watu huviweka kapu moja, gauni na mguu, na haviwezi kukaa pamoja. Gauni ni lake. Mguu ni wa mtoto.

Na watoto ndio wanaolipa sana, kwa sababu hawana pa kushtakia. Kiatu kinachobana "bado kizima." Miwani ambayo mwalimu ameshaandika barua mara mbili kwamba mtoto haoni ubaoni. Nina mengi hapa, nayaruka.

Mshahara. Hili siliruki. Mtu amekufanyia kazi, amemaliza, unamwambia pitia wiki ijayo. Pesa unayo, ila unaona ikikaa kwako kidogo ni kama imeongezeka. Haijaongezeka. Umejipa mkopo usio na riba kutoka kwa mtu anayekuzidi kwa shida, wala hukumuomba ruhusa. Hadithi ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka mnaijua, sitaisoma. Nitasema tu kwamba wale ninaowafahamu wenye tabia hii, karibu wote hujisifu kwamba hawana deni na mtu. Nasikia watu wanaguna upande huu. Sawa, gunaneni wenyewe kwa wenyewe.

Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliuweka ukarimu katikati ya ufujaji na ubahili, na hilo mtalikuta kila mahali. Kinachonikosesha mimi usingizi ni alichoongeza. Alisema mfujaji anatibika, kwa sababu umri unamfundisha na umaskini unamfundisha. Bahili hatibiki, na uzee unamzidishia. Wazee wenzangu mlioketi mbele, msinikasirikie mimi, mkasirikieni yeye. Ila jioni hii, kabla ya kulala, fikirieni ni kitu gani mlikuwa mkikitoa bila kufikiri mkiwa na miaka 30, na leo mnakifungia kabatini.

Nilikusudia kumalizia kwa Keynes, yule mchumi wa Uingereza, aliyeandika mwaka 1936 kwamba watu wote wakiamua kubana matumizi kwa pamoja, mapato ya wote hushuka, na mwishowe hata akiba waliyoitafuta inaweza isionekane. Ni hoja nzito na inataka utulivu, na mwenyekiti amenisukumia karatasi ya pili ya kunikumbusha muda, hii ina alama ya mshangao. Basi anayetaka ya Keynes aniulize sasa kwenye maswali. Nianze na bibi pale nyuma, umenyoosha mkono muda mrefu.