Kidole gumba cha fundi wa Kamukunji

MWENDE: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena. Baba Zawadi ndiyo kwanza anafika.

BABA ZAWADI: Foleni ya Jogoo Road, dada. Usiniulize.

MWENDE: Siulizi. Wengi mmetutumia swali moja: nitajuaje kusudi la Mungu maishani mwangu? Wacha nianze kwa kujianika. Kuna semina niliwahi kulipia shilingi 2,000. Tukapewa karatasi ya maswali, unatia tiki, unajumlisha alama. Yangu ikatoka: mwinjilisti wa mataifa.

BABA ZAWADI: (anacheka) Wewe? Ulipoanza kurekodi hapa si ulikuwa unaangalia dirisha, hata mimi usinione?

MWENDE: Mimi huyo huyo. Nikazunguka na karatasi ile mkobani mwaka mzima, kila Jumapili najiona nimetoroka kama Yona. Na muda wote huo majirani pale Umoja wananigongea mlango jioni, mtoto ameshindwa na hesabu. Sikuwahi kuliona hilo kuwa kitu.

BABA ZAWADI: Kwa sababu halikuwa na cheo. Sikia, Januari nilienda Kamukunji, kwa mafundi wa bati, kumnunulia binti yangu sanduku la shule. Kelele za pale unazijua, nyundo na bati mpaka husikii simu yako. Sanduku limeisha, pesa nimetoa, fundi ananiambia ngoja. Akapitisha kidole gumba ukingoni mwa mfuniko, polepole, pande zote nne. Kona moja akairudia kwa nyundo. Namuuliza, kwani kuna nini? Ananijibu, "Hapa patamkata mtoto."

MWENDE: Na pesa ulikuwa umeshampa.

BABA ZAWADI: Zimo mfukoni mwake! Ndipo nikamkumbuka Bezaleli, yule fundi wa hema la Mungu kule jangwani, Kutoka 31. Mungu anasema amemjaza roho yake. Afanye nini? Hakutumwa kuhubiri. Afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito, achonge miti. Na sura ya 35 inasema alitiwa moyo wa kufundisha wengine. Huyu wangu alikuwa na kijana pembeni, naye anapitisha kidole vilevile.

MWENDE: Hapo nikukatize. Mabosi wanapenda sana kusikia kwamba kazi ni wito. Soja wa geti hajalipwa miezi mitatu, akiuliza anaambiwa avumilie, ni huduma.

BABA ZAWADI: Huo ni wizi uliovaa kanzu. Yakobo 5:4, ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele. Huyo soja alipwe kwanza, mambo ya wito tutayaongea baadaye.

MWENDE: Amina kubwa. Na kuna Yeremia 29:11, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi," mstari ambao hata matatu zimeuchora. Umetoka kwenye barua ya Yeremia kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka. Abiria wanaruka mstari wa 10: miaka 70 huko Babeli! Aliyesomewa barua ile akiwa na miaka 50 alijua wazi kurudi nyumbani hakumhusu. Na bado mstari wa 5 unamwambia ajenge nyumba, apande bustani.

BABA ZAWADI: Apande sukuma wiki Babeli.

MWENDE: (anacheka) Haya, wa mwisho. Dada mmoja wa Kayole anamuuguza mama mkwe. Hatoki, halali. Anasema kusudi lake limesimama, wenzake wanasonga. Tumwambie nini?

BABA ZAWADI: Nilikuwa na Musa hapa, alivyomwendea Farao akiwa na miaka 80. Lakini ninavyomsikia huyu, Musa angoje. Nani anamshikia zamu ili alale?

MWENDE: Hajasema.

BABA ZAWADI: Kutoka kwako mpaka Kayole ni mbali?

MWENDE: Hata matatu sihitaji kubadilisha.

BABA ZAWADI: Basi mpigie tukizima mitambo. Muulize kama Jumamosi inamfaa. Mimi nitabeba unga.

MWENDE: Na maziwa.

BABA ZAWADI: Na maziwa.