Shabiki wa Roki na Bahari Yake: Kumbukumbu za Asbury Park

Mabibi na mabwana, wazee wangu, na ninyi vijana mliojaza safu za nyuma, nawashukuru kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku ya mtu anayependa muziki wa roki. Roki ya dunia nzima ni mzigo usiobebeka kwa jioni moja, kwa hiyo nitawapeleka katika mji mmoja mdogo, Asbury Park, jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambako niliishi miaka tisa tangu 2011. Mji huo umeufunga muziki, mchezo na bahari katika fungu moja, hata mwenyeji wake hawezi kukusimulia kimoja bila kuvigusa viwili vilivyobaki. Hoja yangu naitanguliza mapema ili msiitafute: shabiki hulelewa na mahali. Anahitaji ukumbi unaompokea akiwa hana kitu mfukoni, ufukwe ambao hafukuzwi, na uwanja ambao sauti yake inahesabika. Nitakayoyasema yote yanatoka hapo na kurudi hapo.

Mji wenyewe uko ukingoni mwa bahari ya Atlantiki, kusini mwa New York, na treni ya pwani huufikia baada ya kupita miji mingi midogo. Uliasisiwa mwaka 1871 na James A. Bradley, tajiri aliyekuwa na kiwanda cha brashi, naye akaupa jina la Francis Asbury, askofu wa Kimethodisti. Mbele ya bahari ilijengwa njia pana ya mbao ya kutembelea kwa miguu, na nyuma yake zikapangwa hoteli za wageni wa majira ya joto. Reli iliukata mji vipande viwili. Mashariki ya reli palikuwa na hoteli na bahari. Magharibi waliishi Wamarekani weusi na wahamiaji, yaani watu waliofua mashuka na kupika chakula cha hoteli hizo. Katika miaka ya 1880 Bradley alianza kuwawekea weusi mipaka ya kuutumia ufukwe ambao jasho lao ndilo lililoufanya uwe wa starehe. Magharibi huko kulikuwa na barabara iitwayo Springwood Avenue, yenye vilabu vya jazi na bluzi, na makanisa yaliyofundisha watoto kuimba. Nayasema haya mapema kwa sababu, mtakaposikiliza roki ya Asbury Park, mtasikia saksafoni, ogani na kwaya ndani yake. Mgeni hudhani ni pambo. Sivyo: ni sauti iliyovuka reli kutoka magharibi, wakati watu wenyewe walikuwa wakizuiliwa kuvuka.

Sasa nije kwenye ukumbi ninaoupenda kuliko wote, ingawa sikuuona ukifanya kazi. Mwaka 1968, Tom Potter na mkewe Margaret walifungua klabu katika barabara ya Cookman, ghorofani juu ya duka la viatu, wakaiita Upstage. Haikuuza pombe. Kwa kuwa haikuuza pombe, vijana wenye umri mdogo waliruhusiwa kuingia, na ilikaa wazi hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati baa zote za mji zilikuwa zimekwisha kufungwa. Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Wanamuziki waliomaliza kazi za kulipwa katika baa walipanda ngazi zile usiku wa manane na kuwakuta wavulana wa miaka kumi na saba wakingoja zamu ya kupiga gitaa. Aliyekuwa hodari alionekana mbele ya wenzake, na aliyekuwa dhaifu alirudi nyumbani kujifunza zaidi. Hapo ndipo walipopiga pamoja Bruce Springsteen, mwimbaji ambaye baadaye alikuja kuwa nyota wa roki duniani, mpiga gitaa Steven Van Zandt, mwimbaji Southside Johnny, na mpiga kinanda David Sancious, kijana mweusi kutoka Belmar, mji jirani. Klabu ilifungwa mwaka 1971. Miaka mitatu tu, ndugu zangu, ya chumba kimoja kilichoachwa wazi usiku kwa vijana, na nusu karne baadaye watu bado wanasafiri kuja kuutazama mji huo.

Bahari iliingia katika muziki huu kwa njia ya moja kwa moja kuliko mnavyodhani. Meneja wa kwanza wa maana wa Springsteen, Carl West, aliyejulikana kwa jina la utani la Tinker, alikuwa mtengenezaji wa mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Kiwanda chake kilikuwa Wanamassa, karibu kabisa na Asbury Park, na kijana Springsteen aliishi humo humo kiwandani na kufanya mazoezi na bendi yake katikati ya vumbi na harufu ya gundi. Mchezo nao ulileta mtu wake. Clarence Clemons, mpiga saksafoni ambaye umbo lake lilijaza jukwaa, alisomeshwa chuo kikuu kwa ajili ya kipaji chake cha mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, na alikuwa njiani kujaribiwa na timu ya Cleveland Browns ajali ya gari ilipoufunga mlango huo. Alifanya kazi ya kuwalea na kuwashauri wavulana katika taasisi ya urekebishaji ya Jamesburg, na usiku alipiga saksafoni, mpaka mwaka 1971 alipokutana na Springsteen katika baa moja ya Asbury Park. Alifariki Juni 2011. Mimi nilikuwa mgeni kabisa mjini, sijazoea hata majina ya mitaa, nikaona watu wazima wakiweka maua na mishumaa mbele ya ukumbi wa Stone Pony huku wakilia kama waliofiwa na kaka. Siku hiyo niliacha kuliita jambo hili burudani.

Nisiwafiche upande wa pili. Julai 1970, wakati klabu ya Upstage ilikuwa wazi bado, upande wa magharibi ulilipuka kwa ghasia zilizodumu karibu wiki nzima. Malalamiko yalijulikana: nyumba mbovu, na kazi za majira ya joto za ufukweni kupewa vijana weupe kutoka nje huku vijana weusi wa pale pale wakikosa. Springwood Avenue iliungua, vilabu vyake vikaenda na moto, na viwanja vilivyobaki vilikaa vitupu kwa miongo mingi. Mji mzima uliporomoka, upande wa bahari ukifuata baadaye. Katika hali hiyo ndipo Springsteen alipotoa albamu yake ya kwanza, Januari 1973, akaipa jina la kuwasalimu watu kutoka Asbury Park, na jalada lake likawa kadi ya posta ya mji. Kampuni yake ya kurekodi, ya New York, ilitaka ajulikane kama mtu wa jiji kubwa. Yeye akachagua mji uliokuwa ukikimbiwa. Mwaka uliofuata Stone Pony ilifunguliwa mbele ya bahari. Kwa maoni yangu ukumbi huo ndio uliouzuia mji usisahaulike, kwa sababu uliwapa watu sababu ya kuja hata Januari.

Na Januari ya huko si ya kuchezea. Maji ya bahari hushuka hadi karibu nyuzi 4, upepo hukata masikio, na bado utawaona vijana waliovaa mavazi mazito ya mpira wakibeba mbao zao kwenda kwenye mawimbi, kwa kuwa mawimbi mazuri hayaji na jua. Shabiki wa roki katika majira hayo anaishi kwa kumbukumbu na kwa kumbi ndogo. Mimi nilikuwa nikifanya kazi ya kuwatunza wazee usiku, na siku zangu za mapumziko nilikwenda kusikiliza bendi zisizojulikana. Kulikuwa na ukumbi mmoja, Asbury Lanes, uliokuwa wa mchezo wa kuvingirisha tufe na kuangusha pini; jukwaa liliwekwa katikati ya njia za kuchezea, na unaweza kusikiliza bendi ya panki huku mtu pembeni yako akihesabu pini alizoangusha. Ulifungwa mwaka 2015 na kufunguliwa tena 2018 ukiwa umepambwa upya.

Majira ya joto yanapoingia, maisha yanahamia mchangani, na hapa kuna jambo ambalo watu wa pwani yetu lazima walisikie vizuri. Katika miji mingi ya pwani ya New Jersey, kuingia ufukweni hulipiwa: unanunua beji ya siku au ya msimu, unaibandika kwenye nguo ya kuogelea, na kijana mwenye kofia anakagua. Mara ya kwanza nilikasirika, mimi niliyekulia Mombasa nikiiona bahari kama hewa. Lakini kuna kesi iliyonifundisha. Mji wa Avon-by-the-Sea, kilomita chache kusini, uliwatoza watu wa nje zaidi ya wenyeji, na mji jirani wa Neptune City, usio na ufukwe wa bahari, ukaushtaki. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba ufukwe ni amana ya umma, na kwamba mji unaotoza ada hauna haki ya kumbagua asiye mwenyeji. Mahakama ilirejea hadi sheria ya Kirumi, iliyohesabu hewa, maji yatiririkayo, bahari na kingo zake kuwa mali ya watu wote. Nyote hapa mnazijua njia za kwenda baharini zilizozibwa na kuta za majengo katika pwani yetu. Hukumu ile ilitoka katika nchi ya kibepari kuliko yetu, na ilitoka kwa sababu mji mdogo ulikataa kunyamaza.

Jioni, walinzi wa waogeleaji wanapoondoka, hakuna anayeuliza beji. Hiyo ndiyo saa ya shabiki. Miguu ina mchanga, nywele zina chumvi, na jukwaa la nje la Stone Pony, hatua chache kutoka majini, linaanza kupima sauti. Nilisikiliza maonyesho mengi nikiwa nimekaa kwenye njia ya mbao, bila tikiti.

Uwanja mkubwa uko kaskazini, East Rutherford. Kuanzia 1976 hadi 2010 ulikuwa Giants Stadium, ambako mwaka 2003 Springsteen alipiga usiku kumi katika msimu mmoja. Ulipobomolewa, nafasi yake ilichukuliwa na MetLife Stadium, wenye viti 82,500. Mimi nilikwenda majira ya joto ya 2016. Kuanzia mchana watu walichoma nyama katika maegesho ya magari, kama wafanyavyo siku za mpira, na fulana za timu na fulana za bendi zilikuwa katika foleni moja. Mwanamuziki alipotokea, uwanja mzima ulitoa mngurumo mzito ambao mimi nilidhani ni wa kumzomea, nikafadhaika. Jirani yangu alinishika bega akanieleza kwamba wanaita jina lake, Bruce, wakiivuta ile sauti ya katikati. Alipiga kwa muda wa karibu saa nne, akiwa na miaka 66.

Mashabiki wengi walibeba mabango ya karatasi ngumu wakiomba nyimbo, desturi ambayo kwa miaka kadhaa mwanamuziki mwenyewe aliitunza, akayaokota mabango na kuwaonyesha bendi. Niliyatazama nikakumbuka taarabu, pale mama anaponyanyuka kwa madaha, noti mkononi, kwenda kutuza ubeti uliomgusa, na ukumbi wote ukajua una maana gani kwake. Ni tendo lile lile: msikilizaji anaingia ndani ya wimbo na kuweka neno lake. Na kwa kuwa orodha ya nyimbo hubadilika kila usiku, mashabiki huweka hesabu kama wafanyavyo wapenzi wa soka na magoli, nani kausikia wimbo fulani mara ngapi, uwanja gani, mwaka gani. Jarida la Backstreets, lililoanzishwa na mashabiki wa Springsteen mwaka 1980, lilizitunza hesabu hizo kwa uaminifu wa karani wa mahakama.

Jarida hilo lilifungwa Februari 2023, na sababu inaniuma hadi leo. Tikiti za ziara mpya ya Springsteen zilipotolewa Julai 2022, mfumo wa mauzo uliruhusu bei kupanda kulingana na wingi wa wanunuzi, na baadhi ya viti vilifika karibu dola 5,000. Viti vya bei hiyo vilikuwa vichache, hilo ni kweli na lazima lisemwe. Hata hivyo waliolitunza jarida kwa miaka 43 waliona kwamba uhusiano wao na muziki ule umekatika, nami nawaelewa. Nyimbo zilizowasimulia mafundi wa magari na wafanyakazi wa viwanda zilikuwa zimewekwa mahali ambapo fundi wa magari angelazimika kuchagua kati ya onyesho na kodi ya nyumba. Kijana wa 1968 angefika mlango wa Upstage leo akaambiwa bei ya namna hiyo, angerudi nyumbani, na sisi tusingekuwa na mhadhara huu.

Tangu 2018, kila Septemba isipokuwa ya 2020, hufanyika tamasha liitwalo Sea.Hear.Now juu ya ufukwe wenyewe, majukwaa yakiwa mchangani na wachezaji wa mawimbi wakishindana majini siku hiyo hiyo. Mwaka 2024 Springsteen alipiga hapo kwa saa tatu, mbele ya bahari aliyoiimba maisha yake yote. Ni tamasha zuri, na tikiti yake si ya kila mtu.

Lakini kuna jingine, nalo ndilo ninalolikosa tangu nirudi nyumbani. Kwenye kiwanja kimojawapo kilichobaki kitupu baada ya moto wa 1970, mji ulijenga bustani, Springwood Park, iliyofunguliwa 2016. Majira ya joto, kila Jumatatu jioni, bendi hupiga hapo bure. Watu huja na viti vyao kutoka nyumbani, wengine wakitoka ufukweni moja kwa moja na taulo mabegani, wakivuka reli kuja magharibi. Nilikaa hapo Jumatatu nyingi kabla ya zamu yangu ya usiku, karibu na mzee mmoja aliyezaliwa mtaa huo, ambaye alinionyesha kwa kidole mahali ambapo kila klabu ilikuwa imesimama, na kila alipotaja jina la klabu alipiga mdundo wake kwa vidole juu ya mkono wa kiti.