Jinsi ya Kumpima Mrushaji Mashoto Kabla Hajafika Ligi Kuu ya Besiboli

Karibu. Leo tunafanya kazi inayowatoa jasho hata maskauti, yaani wasaka vipaji, wanaolipwa mshahara: tunampima kijana mrushaji wa mkono wa kushoto anayelelewa kwenye ligi ndogo za Marekani, tuone kama atafika MLB, yaani Ligi Kuu, akiwa mrushaji wa kuanza mechi. Nasisitiza wa kuanza, maana wa kuingizwa inningi ya saba (mechi ina inningi tisa, na katika kila moja timu hupiga kwa zamu) ana hesabu yake tofauti na tutamgusa mwishoni.

Fungua kurasa tatu kwenye simu au kompyuta. FanGraphs kwa takwimu, MiLB.com kwa ukurasa wa mchezaji mwenyewe, na Baseball Savant kwa vipimo vya kasi na mpindo wa mpira, ambavyo kwa ligi ndogo utavipata hasa vya Triple-A, ngazi yao ya juu kabisa. Kama una daftari, lete. Mimi bado naandika kwa mkono.

Kabla hatujaanza, shika jambo moja ambalo ndilo litakaloongoza kila hatua. Watu wanaotumia kushoto ni kama asilimia 10 tu duniani, lakini kati ya warushaji wa MLB ni zaidi ya robo. Timu zinawatafuta kwa tochi, na zinawasamehe mengi, kama vile makocha wa soka wanavyomvumilia beki wa kushoto mwenye mguu wa kushoto wa kuzaliwa. Sababu inayotajwa ni kwamba mashoto huwasumbua wapigaji wanaopiga kwa kushoto. Ni kweli. Lakini mrushaji wa kuanza hatakutana nao sana! Kocha wa upande wa pili akijua leo anaanza mashoto, anajaza kikosi chake wapigaji wa kulia. Kama robo tatu ya watu watakaosimama mbele ya kijana wako, wakati mwingine zaidi, ni wa kulia. Kwa hiyo swali letu leo ni hili: ana nini cha kumfanyia mpigaji wa kulia?

Hatua ya kwanza: umri na ngazi.

Kila timu ya MLB ina timu nne za msimu mzima chini yake, kutoka ngazi ya chini kwenda juu: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Jumla ni timu 120 tangu mfumo upangwe upya mwaka 2021. Chini ya hapo kuna ligi za mafunzo za Arizona na Florida, na ile ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika. Andika umri wa kijana, andika ngazi yake. Wa miaka 20 anayejikongoja Double-A anaweza kuwa mali kuliko wa miaka 23 anayetamba Single-A.

Na hapa kuna mtego wa mashoto peke yao. Utamkuta kijana aliyetoka chuo kikuu, anarusha maili 88 kwa saa, yaani kama kilomita 142, kasi ndogo kwa mrushaji. Ila ana mpira wa kupinda anaouweka popote atakapo. Vijana wa Single-A, ambao maishani mwao wamewaona mashoto wazuri wachache, wanapiga hewa. Namba zake zinang'aa, mashabiki wanaanza kelele mtandaoni. Mpandishe Double-A uone. Kule wapigaji wanasubiri. Mpira ukipinda nje ya eneo la straiki, yaani pale unapohesabiwa ni halali kupigwa, wanauacha upite, na ule wa kasi wanaupeleka ng'ambo ya ukuta. Mimi simwamini mashoto mwenye kasi ndogo mpaka amalize angalau nusu msimu Double-A.

Najua wengine mtauliza kuhusu Mganda David Matoma, aliyesajiliwa na Pittsburgh Pirates. Huyo anarusha kwa kulia. Hatua hii inamhusu, ya tatu na ya nne zinageuka.

Hatua ya pili: hesabu.

Achana na ERA kwa sasa, yaani wastani wa pointi anazoruhusu kwa inningi tisa, bila zile zinazotokana na makosa ya walinzi wa uwanja. Bado ndani yake kuna uzuri au udhaifu wa walinzi walio nyuma yake, bahati, na hata hali ya hewa. Mrushaji anayecheza Triple-A katika viwanja vya Albuquerque au Reno yuko juu mlimani. Hewa ni nyepesi, mpira unapigwa mbali na unapinda kidogo. ERA ya tano kule si aibu.

Chukua vitu viwili anavyovimiliki mwenyewe: wapigaji aliowatoa kwa straiki tatu, na wale aliowapa beisi ya bure kwa kurusha nje mara nne. Gawanya kila kimoja kwa idadi ya wapigaji wote aliokutana nao, siyo kwa inningi. Tufanye mfano. Kijana amekutana na wapigaji 400. Amewatoa kwa straiki 108, hiyo ni asilimia 27. Amewapa beisi ya bure 36, asilimia 9. Toa: 27 kasoro 9 unapata 18. Kwenye MLB wastani ni kama 22 kwa 8, tofauti 14. Lakini usimlinganishe na MLB moja kwa moja, kwa sababu kila ngazi anayopanda wapigaji watamla kidogo. Anayefika Double-A na tofauti ya 18 au 20 ananifanya nikae vizuri kwenye kiti.

Tarik Skubal alikuwa hivyo. Detroit Tigers walimchukua raundi ya tisa ya drafti, ule uchaguzi wa wachezaji wapya, mwaka 2018 kutoka Chuo Kikuu cha Seattle, raundi ya chini kwa sababu alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko. Mwaka uliofuata, akiwa Erie katika Double-A, aliwatoa wapigaji 82 kwa straiki ndani ya inningi 42 na kidogo. Namba ya namna hiyo haihitaji skauti. Mwaka 2024 na 2025 akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi.

Hatua ya tatu: mgawanyo wa kulia na kushoto.

Kwenye ukurasa wa mchezaji tafuta sehemu ya mgawanyo. Utaona safu mbili: dhidi ya wapigaji wa kushoto na dhidi ya wa kulia. Ya kushoto iangalie haraka uipite, karibu wote wanang'aa pale. Weka kidole kwenye ya kulia, rudia hesabu ya hatua ya pili kwa safu hiyo peke yake. Kama tofauti iliyokuwa 18 inashuka hadi 15 au 16, sawa. Ikiporomoka hadi 8, maana yake namba nzuri za jumla zimejengwa na wapigaji wachache wa kushoto, na hao Ligi Kuu hatawaona kwa wingi. Hakikisha tu wapigaji ni wa kutosha. Ukiona ni 60, funga ukurasa urudi mwezi ujao.

Hatua ya nne: picha. Hapa tutakaa.

Tafuta video ya mechi nzima, siyo vipande vya kusifia. Kamera iko nyuma ya mrushaji, upande wa uwanja wa kati. Kwa picha hiyo mkono wake wa kushoto uko kushoto kwa skrini, na mpigaji wa kulia amesimama upande wa kulia wa skrini. Punguza kasi ya video hadi nusu.

Anza na mpira wa kasi. Tazama glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kabla ya kurusha, kisha tazama mpira ulipotua. Unachotafuta ni mpira unaokatiza skrini na kuingia ndani, karibu na mikono ya mpigaji wa kulia. Mashoto wengi wachanga wanaogopa kurusha pale, wanakaa nje, upande wa mbali, inningi baada ya inningi. Mpigaji akishajua hutaingia ndani, anasogea juu ya bamba, kile kibao cha chini kilicho mbele yake, na kazi imekwisha.

Sasa chenjiapu, na kwangu mimi hii ndiyo roho ya mtihani. Chenjiapu inatoka mkononi kama mpira wa kasi lakini inachelewa, maili 8 hadi 10 kwa saa pungufu, na ya mashoto inadondoka ikimkimbia mpigaji wa kulia kwenda nje. Simamisha video mkono unapoachia mpira wa kasi. Angalia urefu wa kiwiko, goti la mbele, kichwa. Sogeza hadi chenjiapu, simamisha pale pale. Ni mtu yuleyule? Au kiwiko kimeshuka, mkono umezubaa kana kwamba anausindikiza mpira? Kama unaona tofauti wewe uliyekaa sebuleni, mpigaji wa Double-A ameshaiona zamani.

Baada ya hapo mwache mrushaji, mtazame mpigaji. Mguu wake wa mbele ukishatua na makalio yameshageuka huku mpira bado uko njiani, gongo linafuata mikono tu bila nguvu, hata akigusa ni mpira wa chini kwa mlinzi wa beisi ya pili au ya tatu. Hiyo ni chenjiapu ya kweli. Kama mpigaji anauacha tu upite bila wasiwasi, hiyo ni mapambo.

Mfano bora ninaoujua ni Johan Santana wa Venezuela. Desemba 1999 Houston Astros walimwacha bila kinga, yaani timu nyingine ziliruhusiwa kumchukua, akaishia Minnesota Twins. Alikuwa na mkono mzuri tu. Mwaka 2002 wakamrudisha Triple-A, Edmonton, na kocha wa warushaji Bobby Cuellar akamwekea sharti: kila mpigaji arushiwe chenjiapu angalau moja, liwalo na liwe. Mwaka 2004 akabeba Cy Young, na 2006 tena. Kwa hiyo ukiona kijana anafungwa kwa sababu anang'ang'ania chenjiapu mbovu kwenye High-A, usimkate alama haraka. Huenda ni agizo la kocha.

Slaida, mpira wa haraka unaopinda pembeni, kwa ufupi: kwa mpigaji wa kulia iwe inakatiza na kuzama kuelekea mguu wake wa nyuma. Inayobaki juu katikati, ihesabu kama haipo.

Hatua ya tano: duru ya tatu.

Mrushaji wa kuanza atakutana na mpigaji yuleyule mara mbili, tatu. Kila mara mpigaji anajua zaidi. Chukua kasi ya inningi ya kwanza na ya tano, linganisha. Kushuka maili moja ni kawaida, kushuka tatu ni onyo. Kumbuka pia kwamba ligi ndogo zinacheza Jumanne hadi Jumapili, na wengi wanaanza mara moja tu kwa wiki. Ligi Kuu zamu huja haraka zaidi.

Hatua ya sita ni fupi. Mashoto akisimama kwenye kilima anatazamana na beisi ya kwanza, kwa hiyo mkimbiaji aliye pale anaogopa kuchomoka kuiba beisi ya pili. Tangu 2023 MLB inamruhusu mrushaji kutoa mguu kwenye kibao cha kurushia, ili amtishe au amrushie mkimbiaji, mara mbili tu kwa mpigaji mmoja, na ya tatu isipomnasa mkimbiaji ni adhabu. Faida imepungua, haijafa. Mwongezee nusu alama.

Hatua ya saba: mwili na subira.

Soma historia ya kiwiko na bega. Upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John ulifanywa mara ya kwanza mwaka 1974 kwa Tommy John mwenyewe, mashoto, akarudi na kuendelea kushinda kwa miaka mingi. Kiwiko siku hizi hakinitishi sana, japo kinakula mwaka mzima au zaidi. Bega ndilo baya. Brien Taylor, mashoto, alichaguliwa wa kwanza kabisa kwenye drafti na New York Yankees mwaka 1991, akaumia bega Desemba 1993, hakuikanyaga Ligi Kuu hata siku moja.

Na mashoto warefu wapewe muda, kwa sababu miguu na mikono mirefu huchelewa kutii. Randy Johnson, mwenye mita 2.08, aliongoza ligi yake kwa kutoa beisi za bure miaka mitatu mfululizo, 1990 hadi 1992, akiwa tayari Ligi Kuu. Baadaye ndipo akawa Randy Johnson tunayemjua.

Hatua ya mwisho: toa alama.

Maskauti hutumia mizani ya 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Tuna vijana wawili wa kubuni kwenye skrini. Wa kwanza anarusha maili 97, mpira wa kasi nampa 65, slaida 60, chenjiapu 30, udhibiti 40. Wa pili anarusha 92, mpira wa kasi 45, chenjiapu 60, slaida 50, udhibiti 60. Orodha nyingi zitamweka wa kwanza juu. Kwa kazi ya kuanza mechi, mimi namchukua wa pili, na sibembelezi mtu akubaliane nami.

Wa kwanza ana njia ya kuingia katikati ya mechi, lakini zamani mashoto wa namna hiyo aliletwa kumkabili mpigaji mmoja wa kushoto kisha akapumzishwa. Kanuni ya 2020 inamtaka akabiliane na wapigaji watatu au amalize zamu ya timu pinzani, na kati ya hao watatu wa kulia hawakosi. Garrett Crochet alipitia njia hiyo Chicago White Sox, akapasuliwa kiwiko 2022, na 2024 akageuzwa kuwa mrushaji wa kuanza akafanikiwa. Wapo, ila usipange bajeti kwa kumtegemea Crochet mwingine.

Jaza karatasi yako kwa mashoto mmoja unayemfuatilia, uniandikie hapo chini jina lake, ngazi yake, na ile tofauti yake dhidi ya wapigaji wa kulia peke yao. Nitachukua mmoja wenu tumfungulie video nzima.