Uwanja wa watoto si mali ya baraza

(Mhadhara kwa madiwani na masheha, Chake Chake)

Assalamu alaykum. Waheshimiwa madiwani, masheha, mama zangu mliokaa kule nyuma, ahsanteni kwa kuja.

Naanza na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya Zanzibar, Namba 12 ya mwaka 1992. Inasema ardhi yote ya asili ya visiwa hivi, inayokaliwa na isiyokaliwa, ni ardhi ya umma, na imewekwa mikononi mwa Rais. Hilo neno “asili” tusilipite haraka. Maana yake ni udongo wenyewe. Mti na nyumba ni mambo mengine. Sisi wa Pemba hatuhitaji mwanasheria wa kutueleza kwamba shamba linaweza kuwa la mtu na mikarafuu ikawa ya mwengine.

Sasa baraza la mji liko wapi katika sheria hiyo? Mmiliki si yeye. Anayetoa haki ya matumizi ya ardhi ni Waziri anayehusika na ardhi. Baraza lina sheria yake, Namba 7 ya mwaka 2014, na kwa sheria hiyo linasafisha, linaendesha masoko, linatoza ada na kutoa vibali. Kazi kubwa hiyo, siidharau. Lakini chombo kilichoundwa na sheria kinakwenda pale sheria inapokifikisha. Madiwani wakikaa, wakapiga kura, wakaandika kwenye muhtasari kwamba uwanja wa wazi sasa ni eneo la biashara, wote wakakubali, uwanja haukubadilika. Muhtasari haubadilishi ramani ya mipango miji, wala hauzai haki ya matumizi.

Mtaani nilikokulia palikuwa na uwanja nyuma ya skuli. Siku moja tukakuta nguzo nne na mabati. Wazee walipouliza wakaoneshwa stakabadhi ya ada ya mwezi, ina muhuri, wakarudi majumbani. Muhuri ule uliwafunga midomo. Mabati yakawa matofali, tofali likapata ghorofa, na watoto wakahamia barabarani kucheza. Mpaka leo naumia, kwa sababu karatasi ile ilithibitisha kwamba fedha zimepokelewa, basi. Hakuna mzee hata mmoja aliyejua kuuliza nani aliyempa yule bwana ardhi.

Hivi ndivyo viwanja vinavyokwenda. Ni nadra mtu kuja na azimio la wazi; kinaanza kibanda cha muda, ada inalipwa, miaka inapita, mazoea yanageuzwa kuwa haki.

Unguja wana uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Mji ule umepangwa na kupangwa tena, 1923, 1958, 1968, 1982, na watawala wamebadilika, na bado pale katikati ya Mji Mkongwe na Ng’ambo watu wanapata pahala pa kupumua. Kila kizazi kilikuwa na sababu nzuri ya kupajenga.

Na ardhi ya wakfu, jamani, tusiiguse kabisa. Makaburi yaliyowekwa wakfu yakionekana matupu kwa macho ya afisa mapato, si matupu. Hayo yana Kamisheni yake, ya Wakfu na Mali ya Amana, chini ya sheria ya mwaka 2007.

Kabla hatujaanza, sheha mmoja kaniuliza pembeni afanye nini, maana katika shehia yake mtu kashamwaga mchanga kwenye kiwanja. Nimemjibu hivi: nenda kaombe ramani ya mipango ya eneo, uone kiwanja kimeandikwa nini. Kisha uliza haki ya matumizi imetolewa na nani, tarehe gani. Ukijibiwa “kikao kimepitisha”, usigombane na mtu. Omba nakala ya muhtasari huo yenye sahihi, wakusanye wazee wako, mwende nayo Mahakama ya Ardhi kabla msingi haujachimbwa.